Usukani wa Shemeji

Nimeona watu wengi wakiendesha boti, lakini shemeji yangu ndiye pekee niliyemwona akizungusha usukani ambao haujafungwa na kitu chochote, halafu akalalamika kwamba leo umekuwa mzito.

Msicheke mapema. Nilikuwemo humo ndani, mimi na walimu wanane, na maji.

Shemeji huyu, mume wa dada yangu, anaitwa Injinia. Jina alijipa mwenyewe, mwaka ule alipofungua redio ya jirani akairudisha na skrubu tatu za ziada mkononi. Redio haikuongea tena, ila jina likabaki. Kazi yake ya siku zote ni kukata vioo vya madirisha, na vioo anakata vizuri, sina ugomvi naye hapo. Ugomvi wangu ni pale anapotoka dukani kwake akiwa na kile kitambaa cha bluu cha kufutia vioo begani, akakuta mtu anahangaika na kitu kimeharibika, akasema, "Hebu nipishe."

Boti ilikuwa ya marehemu baba. Alimwachia dada, kwa sababu dada ndiye aliyekuwa akienda naye ziwani tangu ana miaka saba. Mimi nilirithi saa ya mkononi. Nikipanda boti natapika, na baba alilijua hilo mapema akanisamehe.

Ilikuwa boti ya mbao, pana, ya kuchukua watu kumi na wawili. Injini yake ya dizeli ilikaa katikati, ndani ya sanduku la mbao ambalo abiria waligombea kulikalia asubuhi za baridi kwa sababu lilikuwa na joto. Kutoka kwenye injini, chuma kirefu, shafti, kilipita chini ya sakafu hadi nyuma kikatokea kwenye tundu na kuzungusha pangaboi majini. Na injini ile ilikuwa na waya mmoja mwekundu. Baba akitaka kuongea na mtu, anauvuta, injini inanyamaza. Miaka ishirini na sita ilifanya kazi hivyo.

Mwaka jana Injinia akaifanyia usafi. Hatukumwomba. Tangu hapo ikawa inatoa moshi mweusi, inakohoa, na kila safari inazimika katikati ya maji. Abiria wakahama mmoja mmoja, wakarudi kupanda basi.

Basi dada akapata bahati mbili kwa wiki moja, moja nzuri na nyingine ya kuliza. Nzuri ilikuwa ya mwalimu mkuu wa shule iliyo ng'ambo ya ziwa. Walimu wanane, yeye mwenyewe akiwemo, wanakaa upande wetu, na basi linalozunguka ziwa linawachukua saa moja na nusu. Akasema boti ikiwafikisha Jumatatu kabla ya kengele, wakiwa wakavu, kazi ni yetu mwaka mzima. Ya kuliza ilikuwa ya mwenye hoteli. Yeye aliitaka boti aiweke mlangoni, aijaze udongo, apande maua.

"Boti ya baba iwe chungu cha maua?" dada aliniuliza. Alikuwa anakata vitunguu, kwa hiyo sijui machozi yale niyaweke upande gani, lakini sauti ilikuwa ya kulia. "Ikishindikana Jumatatu, itabidi nimpe. Siwezi kuiangalia inaoza pale."

Injinia alikuwa ameegemea mlango. Akajikohoza.

"Mke wangu, tatizo si boti. Tatizo ni ile injini. Mzigo mzito, umejikalia katikati, kelele tupu, kazi hakuna. Siku hizi duniani kote mashine zinapachikwa nyuma. Nipe siku tano."

"Kwanza umwite fundi wa injini aiangalie."

"Fundi yupi tena?" Injinia akasema, akajishika kifua.

Dada akanitazama. Mimi nikatazama vitunguu.

Siku ya kwanza tuliitoa injini ya zamani. Tuliibeba watu wanne, na wa tano, Injinia, akawa anatuelekeza kushoto na kulia mpaka tukaiangusha kwenye mguu wa wa tatu. Dada akakataa isiuzwe chuma chakavu. Tukaiweka uani kwa msaga nafaka, jirani yao, chini ya turubai.

Boti ilipobaki tupu majini ikainuka, ikawa inayumba ukiiwekea hata kikombe. "Mnaona?" Injinia akasema. "Imepumua."

Siku ya pili tukaivuta boti nchi kavu, akaja seremala, mzee wa maneno machache, ambaye ndiye aliyemsaidia baba kuijenga. Akaziba tundu la shafti kwa mbao na gundi, kazi safi, na ndiyo sababu niko hai ninasimulia. Halafu akaipima mashine mpya ya kupachika nyuma, ambayo Injinia alikuwa amekwisha kuinunua. Akapima ubao mnene wa nyuma ambao mashine ingepachikwa. Akapima tena mashine.

"Hii ina mguu mfupi," akasema. "Ukiipachika hapa, pangaboi litaning'inia juu ya maji. Irudishe dukani wakubadilishie yenye mguu mrefu."

Kurudi dukani maana yake ni kukiri kwamba hakupima kabla ya kununua. Injinia hakiri.

"Mguu ukiwa mfupi, unapunguza ukuta," akasema. "Kata ubao hapa katikati, shusha shubiri moja na nusu. Mashine itakaa chini, kwisha habari."

"Huo ukuta ndio unaozuia maji."

"Mzee, maji yatajuaje kama hapo pana nafasi?"

Seremala akakusanya misumeno yake taratibu, akaipangusa mmoja mmoja, akaenda zake. Ubao ule Injinia aliukata mwenyewe, kwa mkono wa kukatia vioo, na siwezi kusema uongo, ulinyooka.

Likabaki suala la usukani. Ule wa zamani ulikuwa mbele, gurudumu zuri la mbao, na minyororo yake ilishuka hadi kwenye ubao wa kugeuzia boti kule nyuma. Ubao huo tuliung'oa pamoja na shafti. Mashine mpya inageuzwa na mtu aliyekaa nyuma, ameshika mpini wake, basi. Nikasema na gurudumu nalo tuling'oe, litupishe nafasi.

Injinia alinitazama kwa huruma. "Shem, nahodha bila usukani ni abiria aliyesimama."

"Sasa utakaa nyuma ushike mashine, au utasimama mbele ushike gurudumu?"

"Mimi nitasimama mbele. Wewe utakaa nyuma. Macho yako yasibanduke mikononi mwangu. Nikizungusha kulia, boti iende kulia. Nikizungusha kushoto, iende kushoto. Walimu hawana haja ya kujua mambo ya ndani ya kitaalamu."

"Shem, mimi ni fundi cherehani. Na natapika."

"Utatapikia nje."

Ningekataa. Lakini dada alikuwa amesimama pale ufukweni, ameweka kiganja kwenye mbao za ile boti kama mtu anayempima mtoto homa, na nikashindwa. Nikamwuliza Injinia kama tutaijaribu na watu kabla ya Jumatatu. Akasema boti haijaribiwi, inazinduliwa.

Jumatatu asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Injinia alitokea amevaa kofia nyeupe yenye nanga ya dhahabu. Nanga ya chuma, ile ya kweli, ilisahaulika nyumbani.

Walimu walikuwa wanane na mwalimu mkuu ndani yao, mama mrefu wa miwani, anafundisha hesabu. Aliponiona nimekaa nyuma na mashine akasimama.

"Fundi. Kumbe na huku upo. Sketi yangu?"

"Iko kwenye pindo, mwalimu. Kesho."

"Hiyo ni kesho ya tatu."

"Huyu anashikilia mashine isitetemeke," Injinia akadakia kutoka mbele, "karibuni, karibuni mkae popote, boti ni yenu."

Kukaa popote, binadamu hukaa karibu na mlango. Wote wanane wakakaa nyuma, karibu nami. Nikaivuta kamba ya mashine, ikaitika mara moja, na hapo nilifurahi kweli, nikamwona dada gatini anapunga mkono. Nikaongeza moto.

Pua ya boti ikapanda juu. Ikapanda mpaka ziwa likapotea, nikawa namwona Injinia peke yake huko mbele, kasimama na mawingu, anazungusha gurudumu kwa madaha. Huku nyuma tulikuwa tumekalia mkia, na kwenye ile nafasi ya shubiri moja na nusu maji yakaanza kuchungulia. Halafu yakaacha kuchungulia yakaingia.

"Nahodha," mwalimu mkuu akaita, "viatu vyangu vinaelea."

"Ni maji ya kupoza mashine," Injinia akajibu bila kugeuka. "Ila kwa starehe zaidi, tafadhali sogeeni mbele."

Wakasogea mbele wote kwa pamoja, wakiwa wameshika mikoba. Pua ikashuka puu, mkia ukainuka, pangaboi likatoka majini likapiga yowe ambalo nina hakika lilisikika kwenye madarasa. Boti ikasimama pale pale. Mimi nikazima, nikatapikia nje kama nilivyoelekezwa.

"Nyuma kidogo," akasema Injinia.

Wakarudi nyuma. Maji yakaingia.

"Mbele kidogo."

Wakaenda mbele. Yowe.

Safari ya tatu mwalimu wa Kiswahili, bwana mmoja mfupi wa tai, akagoma. Alisimama katikati ya boti, suruali imekunjwa mpaka magotini, akasema kwa sauti ya darasani, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Miaka kumi na tisa nafundisha methali hii. Leo ndiyo kwanza naitembea kwa miguu, nyuma na mbele hadi kati."

Mwalimu mkuu hakucheka. Alikuwa anakiangalia kitanda cha mbao pale kati, chenye matundu manne ya boliti.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Injini ya zamani," nikasema.

"Uzito wake?"

"Tuliibeba watu wanne, mwalimu, na mmoja yuko nyumbani mguu juu."

"Basi mmetoa uzito wote wa kati mkaning'iniza mwingine mkiani. Mtoto wa darasa la tano angeliona hilo. Walimu, njooni wote tukae hapa."

Wakajazana pale kati wakishikana mabega. Boti ikalala sawa. Nikaiwasha mashine, na jamani, ilikwenda. Ilikwenda vizuri kuliko ilivyowahi kwenda na baba, Mungu anisamehe, na ng'ambo ikaanza kuonekana, shule yenyewe na bendera yake. Moyo wangu ukashuka mahali pake. Nilikuwa nashika mashine kwa mkono wa kulia, wa kushoto una kopo, nafua maji nayamwaga nje, na jicho moja liko mikononi kwa Injinia.

Tungefika hivyo hivyo, tukashukuru, tukanyamaza. Tatizo ni kwamba Injinia aliona watu wametulia, na yeye kukiwa na utulivu huanza kuwashwa mdomo.

"Mnaona nilivyoisawazisha," akasema. "Usukani wa boti hii unahitaji mkono. Leo umekuwa mzito kwa sababu ya upepo. Mtu wa kawaida ukimpa hapa, tungekuwa tumepinduka."

"Mzito?" akauliza mwalimu mkuu. "Hebu niushike."

Injinia alilikumbatia gurudumu. Lakini mama yule alishasimama, na kwa mwalimu mkuu mtu yeyote aliyewahi kusoma shule hupisha bila kufikiri. Akalishika gurudumu. Akalizungusha kulia kidogo, nami nikapeleka boti kulia. Akalirudisha, nikairudisha. Akatabasamu. Injinia akapata rangi tena.

Kisha maji yakanifika kwenye vifundo, nikainama kuchota, kopo la kwanza, la pili, la tatu. Nilipoinua macho mwalimu mkuu alikuwa ameshalizungusha gurudumu duara nzima kushoto na boti inakwenda zake shuleni, imenyooka. Akalizungusha duara mbili kulia. Boti hiyo hiyo, haina habari. Akaliacha, akalipiga kwa kidole kimoja, likazunguka lenyewe kwa muda mrefu sana, linalia ki-ki-ki-ki, na walimu wote wanalitazama mpaka liliposimama.

Mwalimu mkuu akageuka. Hakumwangalia Injinia. Aliniangalia mimi.

"Fundi. Nani anaendesha boti hii?"

Nilimwonea huruma shemeji yangu. Alikuwa amevua kofia ameishika kifuani. Nikafikiria kudanganya, naapa nilifikiria. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya yule mama mara tatu kwa sketi moja, na ya nne ilikataa kutoka.

"Mimi, mwalimu."

"Na yeye?"

"Yeye... anaijua njia."

Mtu mwingine hapo angekaa chini. Injinia alivaa kofia yake, akaona gati limekaribia, akaamua kuokoa heshima kwa amri moja ya mwisho. Akanyoosha mkono juu, akapaza sauti, "Simama!"

Nikazima mashine. Boti ikasimama. Wimbi letu wenyewe, lililokuwa likitufuata tangu tulipoondoka, halikupewa amri. Likaja nyuma yetu polepole, likafika kwenye ile nafasi aliyoikata, likaingia lote.

Kengele ilikuwa bado dakika nane. Walimu walipanda ngazi za gati wakiwa wameshika viatu mkononi, sketi na suruali zimelowa mpaka magotini, na mwalimu wa Kiswahili akawa anakamua tai. Mwalimu mkuu akasema tuje kuwachukua saa tisa, na aje mwenye boti.

"Mwenye boti ni—" Injinia akaanza.

"Najua ni nani," mama akasema.

Kurudi? Tulirudi wawili, Injinia kakaa kwenye kitanda cha injini, kofia kaipakata. Katikati ya ziwa akasema, "Shem, nilitaka tu baba yako angekuwepo aone." Nikageukia nje, nikatapika.

Saa tisa dada alikuja mwenyewe, kanga kiunoni, akashika mashine kana kwamba alizaliwa nayo. Akapanga mawe katikati kabla ya kuondoka, na kwenye ile nafasi akapigilia kipande cha ubao. Waliporudi nayo, walimu hawakulowa hata kidole. Mwalimu mkuu akampa mkono gatini. Kazi ni yenu, akasema, ila kwa masharti: mashine ibadilishwe iwe ya mguu mrefu, ukuta wa nyuma urudishwe, katikati pawekwe uzito, na anayeendesha awe wewe. Dada alilia waziwazi, safari hii vitunguu havikuwepo.

Injinia akapumua, na akipumua anaongea. Jioni nzima alitueleza kwamba wazo la mashine ya nyuma lilikuwa lake, kwamba walimu hawakuelewa mfumo, na kwamba usukani angeuunganisha na nyaya yeye mwenyewe kufikia Ijumaa.

Alhamisi akaja msaga nafaka, yule jirani aliyetutunzia injini ya baba. Injini ya mashine yake ya kusagia ilikuwa imekufa, akaomba aifungie ile ya baba, dada akakubali. Aliiwasha, ikatoa moshi, akafungua pale inapovutia hewa. Akamwonyesha dada alichokitoa ndani.

Kilikuwa kitambaa cha bluu cha kufutia vioo, kimekunjwa vizuri.

"Nilipokitoa tu ikaitika," msaga akasema. "Injini nzima kabisa hii. Nani alikuwa anaifanyia usafi?"

Injinia alikumbuka kwamba kuna mteja anamsubiri dukani. Dada hakupiga kelele. Alikifua kile kitambaa, akakianika, asubuhi akakikunja akaenda nacho kwenye boti. Tundu la shafti lilishazibwa, mashine mpya ilishabadilishwa, injini ya baba ilishaanza kusaga, hakukuwa na kurudi nyuma. Seremala alikuwa amepanga mifuko ya mchanga pale kati na bado anakagua boti ilivyolala.

"Bado kidogo," seremala akasema. "Kilo kama tisini."

Dada akamtazama mumewe kuanzia kofia hadi viatu. Akatandika kitambaa juu ya mifuko.

"Kaa hapo, Injinia."

Akakaa. Boti ikalala sawa.

Mwaka unaisha sasa, na hakuna mwalimu aliyechelewa kengele. Dada yuko nyuma na mashine, mimi niko nchi kavu na cherehani. Gurudumu walimwachia, limehamishiwa pale pale kati, ili mikono yake iwe na shughuli. Analizungusha kila safari huku akiwaeleza walimu mambo ya mikondo, na wao humwamkia, "Habari za asubuhi, nahodha," kwa adabu zote. Wanachomkataza ni kusimama tu.

Sketi nilimpelekea mwalimu mkuu mwenyewe, nikiwa nimechelewa miezi miwili. Nikamwuliza usafiri unaendeleaje.

"Safari ni nzuri," akasema akikagua pindo. "Ila ule mzigo wa katikati una kelele. Dada yako anasema ule wa zamani ulikuwa na waya mwekundu wa kuvuta."